Nyumba Isiyo na Mtu Wakati wa Baridi Kali: Simu Huarifu, Jirani Huokoa

Kila mwaka unapokaribia mwezi Desemba, familia nyingi katika parokia zetu hujiandaa kuwapokea ndugu wanaoishi na kufanya kazi ng'ambo. Wapo wanaokuja kuadhimisha Noeli pamoja na wazazi wao, wapo wanaokuja kwa ajili ya ndoa au jubilei ya padre wa ukoo, na wapo wanaokuja kwa sababu ya msiba, ambao haungojei majira. Wale wanaotoka Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani huacha nyuma yao nyumba zilizofungwa, tena katika majuma yale yale ambayo baridi ya huko huwa kali kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Sisi tunaoishi katika nchi ambamo nyumba iliyofungwa huogopewa mwizi, mchwa na paa linalovuja, si rahisi kutambua kwamba huko nyumba nzima inaweza kuharibiwa na ubaridi wa hewa peke yake. Ndiyo maana wazazi wengine hushangaa kumwona mgeni wao, aliyesafiri maelfu ya kilomita kuja kuwaona, akichungulia simu yake kila asubuhi ili ajue nyumba aliyoiacha ina nyuzi ngapi za joto. Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini anafanya hivyo, vyombo hivyo vya kupima joto kwa njia ya simu hufanyaje kazi, na ni kitu gani ambacho simu haiwezi kukifanya hata iwe ya kisasa kiasi gani.

Maji yanayoganda ndani ya kuta

Katika jiji la Minneapolis, jimboni Minnesota, ambako watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki wamefanya makao, wastani wa halijoto ya mwezi Januari uko karibu nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika usiku wa baridi kali, kipimo huweza kushuka hata kufikia nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri. Nyumba za huko hujengwa kwa kuzingatia hali hiyo: kuta zake hujazwa vitu vinavyozuia joto lisitoke, na ndani yake huwekwa mtambo wa kupasha joto unaofanya kazi usiku na mchana kwa miezi mingi. Mabomba ya maji hupita ndani ya kuta hizo, chini ya sakafu na wakati mwingine juu ya dari. Mtambo ukifanya kazi, mabomba yako salama. Mtambo ukizimika, ubaridi wa nje huanza kupenya kidogo kidogo hadi kuyafikia.

Yeyote aliyewahi kusahau chupa ya kioo yenye maji ndani ya friza anajua kinachofuata. Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na chupa, isiyoweza kutanuka, hupasuka. Ndani ya bomba jambo hilo hutokea kwa namna ya pekee kidogo. Barafu huanza kujijenga katika sehemu moja, kisha hukua na kuyasukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, wala hayakubali kubanwa, hivyo shinikizo hupanda mpaka bomba lipasuke, mara nyingi mahali ambapo hapana barafu kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliochunguza mabomba yasiyofunikwa yanayopita mahali pasipo na joto, walishauri kwamba tahadhari ianze pale hewa ya nje inapofikia nyuzi 7 hivi chini ya sifuri.

Hasara kubwa haimo katika bomba lenyewe, ambalo fundi anaweza kulibadilisha kwa saa chache. Hasara huja barafu inapoyeyuka. Wakati huo maji huanza kutoka katika ule ufa, na hata ufa mdogo huweza kumwaga mamia ya lita kwa siku moja. Mwenye nyumba akiwapo, atasikia mchuruziko na kukimbilia koki kuu. Asipokuwapo, maji yatatiririka usiku na mchana, yaloweshe sakafu za mbao, yaangushe dari, yaingie katika nyaya za umeme, na baada ya siku chache kuta zote ziote ukungu unaodhuru mapafu. Familia ambayo bado inalipa mkopo wa nyumba hiyo, na ambayo huenda pia inasaidia ada ya mdogo wao au matibabu ya mzee huku nyumbani, hujikuta imerudi nyuma miaka kadhaa kwa sababu ya safari ya majuma matatu.

Kwa nini mtambo huzimika

Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani huwashauri wanaosafiri wakati wa baridi wasizime mtambo wa kupasha joto, bali waushushe tu hadi kiwango kisichopungua nyuzi 55 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 13 za Selsiasi. Ushauri huo ni mzuri, ila unadhania kwamba mtambo utaendelea kutii amri uliyopewa. Ukweli ni kwamba zipo sababu nyingi zinazoweza kuuzima. Gesi au mafuta ya taa katika tangi yanaweza kwisha. Betri za kidhibiti joto kilichopo ukutani zinaweza kufa. Theluji inaweza kuziba bomba linalotoa moshi nje, na mtambo ukajizima wenyewe kwa usalama. Kihisi cha mwali wa moto kinaweza kushika uchafu.

Sababu inayowashangaza wengi ni kukatika kwa umeme. Watu hudhani kwamba mtambo unaotumia gesi hauhitaji umeme, kumbe feni inayosambaza hewa ya joto na kifaa kinachowasha moto hutegemea umeme. Mwezi Januari 1998, mvua ya barafu ilipoangusha minara na nyaya katika majimbo ya Quebec na Ontario nchini Kanada pamoja na kaskazini mashariki mwa Marekani, mamilioni ya watu walikosa umeme, na baadhi yao walikaa gizani kwa majuma kadhaa. Mwezi Februari 2021 baridi isiyo ya kawaida ilipiga jimbo la Texas, ambako nyumba nyingi hazikujengwa kwa hali hiyo. Zaidi ya nyumba na majengo milioni 4 yalikosa umeme, na mabomba yakapasuka katika miji mingi. Basi, asiye nyumbani anahitaji kujua mambo mawili kwa pamoja: nyumba ina joto kiasi gani, na umeme upo au haupo.

Simu ya mezani ilivyotumika

Kabla ya simu za mkononi kuenea, watu wa nchi hizo walikwisha kubuni njia za kupata habari hizo kwa simu ya mezani. Njia iliyokuwa rahisi kuliko zote haikuhitaji kifaa cha pekee. Mwenye nyumba aliacha mashine ya kupokea ujumbe wa sauti ikiwa imeunganishwa na umeme wa nyumba, kisha alipokuwa safarini alipiga namba yake mwenyewe. Mashine ikijibu, alijua umeme upo. Simu ikiita bila kujibiwa, alijua huenda umeme umekatika. Njia hiyo haikumweleza lolote kuhusu joto, lakini ilimpa dalili ya kwanza.

Baadaye vilikuja vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Kifaa cha namna hiyo kina kihisi kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri joto linavyobadilika, na kutokana na badiliko hilo kifaa hukokotoa nyuzi za joto. Kimeunganishwa na waya wa simu ya mezani na kina betri yake ya akiba. Mwenye nyumba anapokipigia, humjibu kwa sauti iliyorekodiwa na kumtajia halijoto ya nyumba na hali ya umeme. Zaidi ya hayo, halijoto ikishuka chini ya kiwango alichokipanga, kifaa chenyewe hupiga simu katika namba alizoziorodhesha, moja baada ya nyingine, mpaka mmoja wa waliopigiwa apokee na kubonyeza tarakimu ya kuthibitisha kwamba amesikia.

Simu ya mezani ya waya wa shaba ilikuwa na faida ambayo leo tunaisahau. Umeme wake, wa volti 48 hivi, ulitoka katika kituo cha simu wala si katika nyumba, na kituo hicho kilikuwa na betri na jenereta zake. Hivyo umeme wa mtaa mzima ulipokatika, simu iliendelea kufanya kazi. Mlinzi huyo hakumtegemea yule aliyekuwa akimlinda, na hapo ndipo ulipo msingi wa jambo zima tunalolieleza.

Simu ya mkononi na intaneti

Siku hizi nyumba nyingi hazina tena simu ya waya, na vifaa vya kupima joto kwa mbali vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni vile vinavyowekwa laini ya simu ya mkononi ndani yake, kama ile tunayoiweka katika simu zetu. Kifaa hicho hutuma ujumbe mfupi wa maneno halijoto inaposhuka, umeme unapokatika, na vingine hutuma pia umeme unaporudi. Mwenye nyumba naye anaweza kukitumia ujumbe wa kuuliza, nacho kikamjibu. Kwa kuwa kina betri na kinapitia mnara wa simu, hakihitaji intaneti ya nyumba.

Kundi la pili ni vidhibiti joto na vihisi vinavyotumia intaneti ya nyumbani, ambavyo humwonyesha mwenye nyumba halijoto katika programu ya simu yake popote alipo duniani. Hivi ni rahisi kutumia, na vingi humruhusu hata kuongeza au kupunguza joto akiwa mbali. Mtu aliyeketi barazani kwa wazazi wake anaweza kuamuru mtambo wa nyumba yake ya Toronto upandishe joto siku moja kabla ya kurudi, ili watoto wasiingie katika nyumba baridi.

Hata hivyo, kila kundi lina udhaifu wake. Vifaa vya laini ya simu hutegemea mtambo wa mawasiliano ambao kampuni ya simu inaweza kuuzima. Makampuni makubwa ya simu nchini Marekani yalizima mawasiliano ya kizazi cha tatu katika mwaka 2022, na vifaa vya zamani vilivyoyategemea vikabaki bubu hata kama vilikuwa bado vizima. Anayenunua au kurithi kifaa cha namna hiyo anapaswa kuuliza kinatumia mawasiliano ya kizazi gani. Tena laini ya malipo ya kabla huweza kuishiwa salio au kufungwa kwa kutotumika, jambo ambalo sisi tunalifahamu vizuri.

Vifaa vya intaneti, kwa upande wao, vina udhaifu mkubwa zaidi. Umeme wa nyumba ukikatika, kisambaza intaneti nacho huzimika, na taarifa zote hukoma katika saa ile ile ambayo zinahitajika kuliko saa nyingine yoyote. Programu ya simuni huweza kuendelea kuonyesha tarakimu ya mwisho iliyopokewa, kana kwamba nyumba bado ina joto. Ndiyo sababu mafundi hushauri kisambaza intaneti kiunganishwe na betri ya akiba, nayo betri ijaribiwe kabla ya msimu wa baridi.

Ukimya usichukuliwe kuwa usalama

Kutokana na hayo, tunapenda kusisitiza kanuni moja ambayo kila anayeacha nyumba yake anapaswa kuielewa. Kifaa kinachopiga simu pale tu mambo yanapoharibika kina kasoro, kwa sababu kifaa kilichokufa na kifaa kisicho na habari mbaya hufanana: vyote viwili viko kimya. Mwenye nyumba hawezi kuvitofautisha akiwa mbali.

Dawa ya kasoro hiyo ni kukitaka kifaa kitoe taarifa kila siku hata kama hakuna tatizo. Vifaa vingi vina uwezo wa kutuma kila siku, kwa saa iliyopangwa, ujumbe unaotaja nyuzi za joto na hali ya betri. Ujumbe usipofika kwa saa yake, hiyo yenyewe ni tahadhari. Vilevile baadhi ya huduma za intaneti huweza kumwarifu mwenye kifaa pale kifaa kinapokaa muda fulani bila kuonekana hewani, na mpangilio huo mara nyingi huwa umezimwa mpaka mtu auwashe. Kama hakuna uwezo wa namna hiyo, basi mwenye nyumba ajiwekee zamu ya kukipigia au kukiuliza kila siku kwa saa ile ile.

Mahali pa kukiweka na kiwango cha kukipangia

Kosa linalofanywa na wengi ni kukiweka kihisi sebuleni, karibu na tundu linalotoa hewa ya joto au mahali panapopigwa na jua la dirishani. Kihisi kilichopo hapo kitasoma nyuzi 15 huku bomba la jikoni lililo kwenye ukuta wa nje likikaribia kuganda. Kihisi kinapaswa kuwekwa mahali penye baridi kuliko pote ambapo pana bomba: chini ya sinki lililo kwenye ukuta wa nje, katika chumba cha chini ya ardhi, au katika bafu lililo juu ya gereji. Milango ya kabati za chini ya sinki iachwe wazi, ili joto la chumba liyafikie mabomba.

Kuhusu kiwango cha kengele, wengine hukipanga karibu na sifuri wakidhani kwamba hatari huanzia hapo. Lakini kengele ikilia kwenye nyuzi 2, muda wa kuchukua hatua umekwisha. Kama mtambo umepangwa kushika nyuzi 13, basi kengele ipangwe kati ya nyuzi 7 na 10. Kushuka chini ya hapo kunamaanisha kwamba mtambo hautii tena, wakati huo huo bado zinabaki saa kadhaa za kumwita mtu. Nyumba iliyojengwa vizuri hupoteza joto polepole, nyumba ya zamani yenye madirisha mabovu hupoteza upesi, na upepo huzidisha upotevu huo. Tukumbushe pia kwamba vifaa vya Marekani hutumia kipimo cha Fahrenheit, ambacho kwacho maji huganda kwenye nyuzi 32. Anayepanga kengele kwa tarakimu za Selsiasi katika kifaa cha Fahrenheit atakuwa amejiwekea kengele isiyolia kamwe kwa wakati.

Anayeshika ufunguo

Tuseme sasa kwamba kila kitu kimefanya kazi inavyotakiwa. Ni usiku wa manane, simu inalia katika nyumba ya wazazi huku kwetu, na ujumbe unasema: nyuzi 7, umeme haupo. Mwenye nyumba amearifiwa. Lakini yeye yuko upande mwingine wa bahari, na hata akipata ndege siku hiyo hiyo, atafika baada ya mabomba kupasuka. Simu imempa habari, haikumpa mikono. Bila mtu wa karibu mwenye ufunguo, habari hiyo itamwongezea uchungu tu.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kabla ya kununua kifaa chochote ni kumpata mtu wa kushika ufunguo. Awe ni mtu anayeishi karibu, anayeweza kufika hata theluji ikiwa imefunga barabara kubwa. Aonyeshwe kwa macho yake koki kuu ya maji ilipo na namna ya kuifunga, mahali pa swichi kuu ya umeme, na namba ya fundi wa mitambo ya joto. Ajue namba ya siri ya king'ora cha nyumba, asije akakutwa na polisi akidhaniwa mwizi. Inafaa pia awepo wa pili, kwa maana wa kwanza naye huweza kuugua au kusafiri. Namba zao ziingizwe katika kifaa pamoja na ya mwenye nyumba, ili simu iwafikie wao moja kwa moja bila kusubiri mtu aamke upande wa pili wa dunia.

Hata makampuni ya bima yanalitambua jambo hili. Mikataba mingi ya bima ya nyumba nchini Marekani hailipi hasara ya mabomba yaliyoganda katika nyumba isiyo na mtu, isipokuwa mwenye nyumba awe amechukua hatua za kutosha kuhakikisha joto linadumu, au awe amefunga maji na kuyamwaga yote kutoka katika mabomba. Nchini Kanada ni jambo la kawaida mkataba kudai kwamba, mwenye nyumba akiondoka kwa siku zaidi ya nne katika msimu wa baridi, amwachie mtu mwaminifu kazi ya kuingia ndani kila siku na kuangalia kama joto lipo. Anayepanga safari asome mkataba wake au awaulize wahusika kabla ya kukata tiketi, wala asidhani kwamba kifaa cha simu peke yake kinatosha machoni pa bima.

Kuna kifaa kimoja cha zamani ambacho bado hutumika katika vijiji vya huko, nacho kinaeleza vizuri ukweli huu. Ni swichi ndogo inayochomekwa kwenye soketi, na taa huchomekwa juu yake na kuwekwa dirishani. Joto likishuka chini ya kiwango, taa huwaka. Jirani anayepita huiona, hujua kuna shida, naye huchukua hatua. Kifaa hicho kinahitaji umeme, kwa hiyo hakisaidii pale umeme unapokatika, na kisipokuwa na mtu wa kukitazama hakina maana yoyote. Ila waliokibuni hawakusahau kwamba aliye karibu ndiye anayeweza kusaidia.

Waamini wetu walioko ng'ambo wanao utajiri katika jambo hili, kama wakiutumia. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, kwaya za Kiswahili na vikundi vya watu wa mkoa mmoja vilivyopo katika miji hiyo vinaweza kupanga kabla ya Desemba nani anasafiri, nani anabaki, na nani atashika ufunguo wa nani. Anayebaki mwaka huu ndiye atakayesafiri mwaka ujao. Mapadre na watawa wetu wanaotumikia parokia za mashambani huko, na ambao wakati mwingine huishi peke yao katika nyumba ya mapadre, nao wanahitaji mpango huo huo, pamoja na vigango ambavyo hufunguliwa siku za Dominika tu.

Yanayofaa kukumbukwa kabla na wakati wa safari

Kinga iliyo imara kuliko zote haihitaji simu hata kidogo: ni kufunga koki kuu, kisha kufungua koki zote za ndani na kupiga maji ya choo ili mabomba yabaki matupu. Bomba likipasuka hapo, hakuna mto wa maji unaoingia ndani. Hata hivyo ushauri huu una mipaka yake. Nyumba ambazo joto lake husambazwa kwa maji moto yanayozunguka katika mabomba, na zile zenye mfumo wa maji wa kuzimia moto, zisifungwe ovyo bila kumwuliza fundi. Nao walio katika nyumba za kupanga wazungumze kwanza na mwenye jengo.

Kifaa chenyewe kijaribiwe kabla ya kuondoka. Chomoa waya wake wa umeme uone kama ujumbe unafika. Weka kihisi chake karibu na barafu uone kama simu inaita. Majaribio hayo huchukua dakika chache, na ni heri kugundua kasoro ukiwa sebuleni kuliko kuigundua ukiwa angani.

Jambo jingine, ambalo husahauliwa mara nyingi, ni laini ya simu ya msafiri mwenyewe. Wengi wakitua kwenye viwanja vyetu vya ndege huitoa laini ya ng'ambo na kuweka ya hapa ili kupunguza gharama. Tangu dakika hiyo, ujumbe wote wa kifaa huelekea kwenye namba iliyozimwa. Namba ya hapa, au ya ndugu anayeishi hapa, iingizwe katika kifaa kama kinaruhusu namba za nchi nyingine. Kama hairuhusiwi, basi tahadhari zote zielekezwe kwa mshika ufunguo, naye awasiliane na msafiri. Izingatiwe pia tofauti ya saa: katika majira ya baridi, Minnesota iko nyuma yetu kwa saa 9, na Toronto na Boston ziko nyuma kwa saa 8. Inapokuwa saa 12 jioni Minneapolis, baridi ya usiku inapoanza kuuma, kwetu ni saa 9 usiku, watu wamelala. Simu isizimwe usiku, wala isiachwe bila sauti.

Somo hili hapa kwetu

Msomaji asiye na ndugu ng'ambo anaweza kudhani kwamba haya hayamhusu. Lakini teknolojia ile ile inalinda jambo la thamani kubwa katika zahanati na vituo vya afya, vikiwemo vile vinavyoendeshwa na Kanisa. Chanjo nyingi za watoto zinapaswa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto kwa muda mrefu hupoteza nguvu, na baadhi yake, kama chanjo ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda, hata kama kwa macho zinaonekana nzuri. Zahanati ikifungwa Ijumaa jioni na umeme ukakatika Jumamosi, friji huwa kama ile nyumba tupu: hakuna anayejua kinachotokea ndani yake. Ndiyo maana vimebuniwa vifaa vyenye laini ya simu vinavyosoma joto la friji na kumtumia ujumbe mhusika linapotoka katika mipaka yake.

Nako huko kanuni hazibadiliki. Kihisi kiwekwe mahali panapostahili, betri na salio viangaliwe, ukimya usichukuliwe kuwa usalama, na juu ya yote awepo mtu anayeishi karibu, mwenye ufunguo, mwenye kujua jenereta inavyowashwa au sanduku la barafu lilipo, na aliye tayari kuamka usiku. Ujumbe ukimfikia mganga mfawidhi aliye semina mkoani wakati mlinzi wa getini hana ufunguo wala hajafundishwa la kufanya, chanjo zitaharibika vilevile.

Hivyo basi, mpendwa msomaji, ukiwa na mtoto au ndugu anayekuja kutoka nchi za baridi mwishoni mwa mwaka huu, mwulize mapema kama nyumba yake imepata mshika ufunguo, na umkumbushe kumletea huyo zawadi ya kahawa au kitenge kutoka nyumbani. Na ukimwona akiangalia simu yake asubuhi kabla ya chai, mwache aangalie, kisha mwulize nyumba yake imeamkaje.